Maana Tano za Raiti

Kazini wananiita Kamusi, na sitaki kumdanganya mtu, jina hilo nililitafuta mwenyewe. Mimi ni mkalimani wa hospitali. Daktari mgeni akisema Kiingereza chake, nakigeuza kiingie masikioni mwa mgonjwa. Mgonjwa akijibu, nageuza tena. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, lakini mimi sikutosheka nayo. Nilikuwa mtu wa kusahihisha watu. Tangazo likibandikwa ukutani, napita na kalamu nyekundu. Dereva akisema ati "amelefti" kwenye grupu la kazini, namsimamisha uani nimweleze kwamba amejitoa, hajalefti. Watu wakiniona naja walikuwa wanakohoa na kubadilisha mazungumzo. Nilidhani ni heshima.

Aliyenicheka usoni alikuwa mmoja tu, shangazi yangu. Yeye ni fundi cherehani, dada mkubwa wa baba, na ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita. Sare zangu zote za shule alizishona yeye, kuanzia ile ya kwanza iliyonifika vifundoni kwa sababu alitaka nikue nayo, mpaka ile ya mwisho ambayo niliinunia wiki nzima kwa kuwa kola yake ilikuwa ya kizamani. Nilipopata kazi hospitalini aliwatangazia wateja wake wote. "Mtoto wangu anasema na wazungu wa macho," alikuwa akiwaambia, huku pini ziko mdomoni.

Miaka miwili iliyopita macho yake yakaanza kuingia ukungu, yote mawili. Ukimtazama usingejua lipi zaidi ya lipi, kila moja lilikuwa na weupe uleule katikati. Kwanza alishindwa kutunga uzi. Alikuwa anaulamba, anaupeleka kwenye tundu la sindano, unapita pembeni, anaulamba tena. "Uzi huu hauna adabu," alisema, nami nikamtungia, tukacheka. Kisha akaanza kukosea vifungo. Kisha akamshonea mwalimu mmoja koti lenye mfuko mmoja kifuani na wa pili umegeukia ndani. Mwalimu alilipokea vizuri, akashukuru, akaondoka, na hakurudi tena. Shangazi alilichukua lile jambo vibaya sana. "Angenitukana," aliniambia. "Angenirushia koti lake usoni, ningejua mimi bado ni fundi."

Kwa hiyo niliposikia kwamba wale madaktari wa macho wanaokuja kwetu mara moja kwa mwaka watafika, nilimwandikisha mapema. Wanakaa wiki moja, Jumatatu hadi Ijumaa. Wanakuja na masanduku yao, mashine zao na lenzi zao, na Ijumaa alasiri wanafunga kila kitu wanaondoka.

Jumatatu akapimwa. Daktari alikuwa mtu mrefu mpaka akiinama kwenye kile kifaa cha kutazamia goti lake linagonga meza. Alitazama jicho la kulia muda mrefu, akatazama la kushoto, akarudia la kulia. Kisha akanieleza, nami nikamweleza shangazi bila kupunguza wala kuongeza. Jicho la kulia limeharibiwa na presha ya macho. Mshipa wa ndani umekufa, na hata likisafishwa namna gani halitaona tena. La kushoto lina mtoto wa jicho tu. Hilo likifanyiwa upasuaji na kuwekewa lenzi litaona, ila lisicheleweshwe, maana presha imeanza kulibishia hodi nalo pia.

Shangazi alililia lile jicho lake bila machozi. Halafu akasema, "Muulize, hilo la kushoto litatunga uzi?"

Nikauliza. Daktari akatabasamu, akasema litatunga hata uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Nilipomgeuzia shangazi maneno hayo alinishika mkono akaubana mpaka pete ikaniumiza. Mtu huyu hakuwa akitaka kuona milima wala maua. Alitaka kurudi kwenye cherehani yake na kuacha kuhurumiwa, basi.

Alasiri ile nilimrudisha kwake. Ana vyumba viwili, cha mbele ndicho cha kazi; cherehani iko chini ya dirisha, vitambaa vimekunjwa kwenye rafu kwa rangi zake, na sakafuni huwezi kutembea peku kwa ajili ya pini. Akakaa kwenye kiti chake, akaweka miguu kwenye pedali kwa mazoea tu.

"Yule daktari wako," akasema, "kila neno raiti. Raiti, raiti, raiti. Raiti ndiyo nini?"

Ala! Hapo ndipo mahali pangu. Nikavuta kigoda, nikamkunjulia vidole. Raiti, shangazi, ni kulia, kama jicho la kulia. Raiti pia ni sahihi, mtu akisema jambo la kweli. Raiti ni haki, kitu unachostahili. Raiti ni sawa, kama ile olraiti unayoisikia. Na raiti ni papo hapo, ukiliweka mbele ya neno jingine, yaani sasa hivi kabisa. Maana tano, na hizo ni za juu juu, nikitaka naweza kuendelea mpaka kesho.

"Neno moja?"

"Neno moja."

"Hao watu wamekosa maneno au ni wavivu? Sasa mtu anajuaje lipi ni lipi?"

"Kwa muktadha," nikasema, na nililisema kwa raha zangu.

"Ndiye nani huyo?"

"Muktadha, shangazi! Yale maneno yanayolizunguka neno, na mahali lilipotumika."

"Ahaa. Nilidhani ni daktari mwingine." Akachezesha pedali kidogo. "Lakini na sisi hatujambo. Mkono wa kulia. Sahani ya kulia. Na msiba wa kulia. Tunalingana nao."

Nikaanza kumfafanulia kwamba hilo la kwetu ni jambo tofauti, kwamba kuna vitenzi viwili pale na umbo moja tu, akaninyamazisha kwa mkono. "Nenda zako, Kamusi. Utamchosha mume, kama utampata." Tukacheka. Nakumbuka vile tulivyocheka kwa sababu ni mara ya mwisho nimecheka na neno hilo.

Ijumaa tulifika hospitalini saa moja asubuhi. Shangazi alikuwa amejifunga kitambaa kipya cha kichwa, cha rangi ya machungwa. Nikamtania kwamba anakwenda kukatwa jicho si kuolewa, akasema daktari mrefu vile si wa kumkuta mtu amechakaa. Wagonjwa walikuwa kumi na wawili, wamepangwa kwenye benchi la korido nje ya chumba cha upasuaji. Yeye alikuwa wa tisa.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Nesi mgeni, msichana mwembamba mwenye madoadoa usoni, alikuwa anapita benchi zima na orodha mkononi na kalamu ya zambarau isiyofutika upesi. Anaangalia orodha, anauliza, kisha anachora mshale mdogo juu ya nyusi ya jicho linalotakiwa. Ndani, daktari anafuata mshale. Siku hiyo mafaili yalikuwa yameshapelekwa ndani mapema, na ile orodha ilikuwa imemwagikiwa na dawa ya matone, wino umechuruzika. Kwa hiyo alikuwa ananitegemea mimi kuliko siku zote. Anauliza, nageuza, mgonjwa anajibu, nageuza tena. Kwa wagonjwa wanane wa kwanza tulifanya hivyo bila kosa.

Alipofika kwa shangazi mimi nilikuwa nimegeuka. Ukutani nyuma ya benchi kulikuwa na tangazo jipya lililoandikwa "USIGUZE JICHO", na ile zedi, mahali pa esi, ilikuwa inaniwasha mwili mzima. Nilikuwa nimetoa kalamu yangu nyekundu. Nesi akachuchumaa mbele ya shangazi, akatazama orodha yake iliyolowa, akaniuliza kwa Kiingereza, "Lefti?" Yaani, la kushoto?

Sikuhitaji kumuuliza shangazi, nilikuwa najua. La kushoto, ndiyo, umepatia. Nikamjibu bila kugeuka, "Raiti."

Ningeweza kusema yesi. Nimejiuliza mara ngapi kwa nini sikusema yesi, na jibu naona haya kulitamka. Nilipenda jinsi "raiti" ilivyokaa mdomoni. Hivyo ndivyo wanavyojibu wenyewe kwa wenyewe, haraka, kwa mkato, na nilitaka yule msichana asikie kwamba mimi si mkalimani wa kubabaisha. Nikairudisha ile herufi kuwa esi, nikaipigia mstari. Kwa pembe ya jicho nilimwona shangazi akiinua mkono kuelekea usoni, kisha akaushusha. Nikadhani anajikuna. Nesi alishahamia kwa mgonjwa wa kumi, na mimi nikamfuata.

Walimtoa saa sita kasoro. Alikuja kwenye kiti cha magurudumu, kitambaa chake cha machungwa kimeenda upande, uso umetulia, anatabasamu hovyo kwa zile dawa. Bandeji ilikuwa upande wa kulia.

Kwanza nilidhani ni mimi ninayechanganya, kwamba kulia kwangu ni kushoto kwake kwa kuwa ananitazama. Nikasimama nyuma ya kiti chake, nikatazama mahali anapotazama, nikainua mkono wangu ninaoandikia. Bandeji ilikuwa upande uleule wa mkono.  Halafu nikalisikia neno langu mwenyewe, kwa sauti yangu, na kile kimkato chake. Lefti? Raiti.

Nilijua palepale. Sitaki mtu anihurumie kwa kudhani nilichukua muda kuelewa. Nilielewa yote kabla kiti hakijafika mlangoni mwa wodi. Alichora alichosikia, na mimi ndiye niliyemwambia.

Na sasa sikia nilichofanya. Nilimsaidia shangazi kupanda kitandani. Nikamfunika. Nikamwambia, "Umemaliza salama," naye akasema, "Mwambie daktari Mungu ambariki." Nikatoka nikanawa mikono, na haikuwa na uchafu. Kisha nikaanza kujipa maneno. Labda daktari alibadili mawazo ndani. Labda lile la kulia lilikuwa na nafuu, nani ajuaye. Na zaidi ya yote, jibu langu lilikuwa sahihi! Mtu yeyote anayejua Kiingereza angekuambia kwamba ukiulizwa "lefti" na ni la kushoto, "raiti" ni jibu safi kabisa. Kosa ni la yule msichana. Yeye ndiye mwenye lugha, yeye ndiye alitakiwa kuuliza mara mbili. Nilijitetea pale kwenye sinki kama wakili, na nilishinda kesi.

Nilijua pia kwamba bandeji itafunguliwa Jumamosi asubuhi, na saa hiyo wageni watakuwa wameshaondoka. Madaktari wetu watasema upasuaji umefanyika kwenye jicho lisilo lenyewe. Watatafuta aliyechora mshale. Hakuna ambaye angefikiria kumuuliza Kamusi.

Nikarudi kazini. Nilisimama wodini nikiwageuzia wagonjwa maagizo: usifikiche, usiiname, usilalie upande wenye bandeji. Kitanda cha shangazi nilikiruka, nikasema moyoni kwamba amelala. Saa saba gari la kwanza likaondoka na katoni za dawa na lenzi. Nililiona dirishani. Dereva yule yule wa kulefti aliniinulia mkono, nami nikamwinulia.

Baada ya hapo yule nesi akanijia. Alikuwa amevua kofia, nywele zimemganda kwa jasho, ana kikombe cha chai mkononi, na alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza wiki nzito. Akaniuliza kama mambo yote ni olraiti.

Nikamwambia, "Olraiti."

Angalia basi. Mara ya kwanza nililitumia neno hilo kwa kiburi, nikakosea. Mara hii sikukosea kitu. Nililichagua, nikamdanganya nalo mtoto wa watu machoni, naye akanishukuru kwa msaada wangu wa wiki nzima.

Saa nane walifanya kuaga. Viti vilipangwa uani, wagonjwa wenye uwezo wa kukaa wakatolewa nje, kila mmoja na bandeji yake, na matroni wetu akasema mawili matatu. Shangazi walimweka mstari wa mbele. Alikuwa amekifunga upya kile kitambaa. Kisha daktari akasimama, nami nikasimama kando yake kama kawaida, yeye sentensi, mimi sentensi.

Akashukuru, nikageuza. Akasifu uvumilivu wao, nikageuza. Kisha akasema kwamba kuona si zawadi wala bahati, kuona ni raiti ya kila mtu.

Hapo maana ilikuwa haki. Muktadha ulikuwa wazi. Nilifungua mdomo neno likakataa kutoka. Shangazi alikuwa amekaa mbele yangu hatua tatu, kichwa ameinamisha kidogo ili asikie vizuri, anaisubiri sauti yangu. Siku zote anapenda kunisikia nikifanya kazi.

"Endelea, Kamusi," matroni akanong'ona.

"Kuona ni haki ya kila mtu," nikasema. Halafu sikumsubiri daktari. Nikamgeukia, nikamwambia kwa Kiingereza, pale pale mbele ya watu wote, kwamba yule mama wa kitambaa cha machungwa amefanyiwa jicho lisilo lenyewe, kwamba lilitakiwa la kushoto, kwamba nesi aliniuliza nami nikajibu raiti nikimaanisha sahihi. Nilisema nimejua tangu saa sita. Nilisema nesi hana kosa.

Wagonjwa wakapiga makofi. Walidhani namshukuru kwa niaba yao. Shangazi alipiga kuliko wote.

Daktari hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alishuka, akaenda ndani na hatua zake ndefu, nikamfuata mbio na nesi nyuma yangu. Akatoa faili, akasoma, akaweka kidole kwenye mstari, akafumba macho. Kisha akaniuliza ni saa ngapi nimejua. Nikarudia: saa sita. Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na nusu.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayeogopa hasira zake mwenyewe. Lenzi ya kipimo cha yule mama ilikuwa moja, na hiyo imewekwa kwenye jicho lililokufa. Zilikuwepo nyingine za kipimo cha karibu, mbili au tatu, ambazo zingefaa. Zilikuwa kwenye katoni. Katoni zimeondoka saa saba, na kutoka hapa zinapelekwa moja kwa moja kwenye ndege. Mashine imefungwa, lakini mashine ingefunguliwa. Saa sita kila kitu kilikuwa mezani.

"Saa sita ningelifanya," akasema.

Nesi alikuwa amesimama mlangoni. Ile kalamu ya zambarau ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake kwa kamba. Akaichomoa kifuniko, akakirudisha, akachomoa tena. Aliniambia kitu kimoja tu: "Nilikuuliza kama mambo yote ni sawa." 

Daktari akaandika dawa ya matone ya kuzuia presha, kila siku asubuhi na jioni bila kukosa, na akaandika kwamba mwakani mama huyu awe wa kwanza kwenye orodha. Nikamuuliza kama jicho la kushoto litavumilia mpaka mwakani. Akasema huenda. Nikamuuliza tena, naye akasema tena, huenda, na safari hii hakunitazama. Saa tisa magari yao yakaondoka.

Shangazi nilimkuta kwenye kiti chake uani, peke yake. Wengine walikuwa wamerudishwa ndani. Nikakaa kwenye kiti cha pembeni. Nilikuwa nimejipangia maneno korido nzima, nikayasahau yote, nikamwambia tu. Jicho lililofanywa ni la kulia. La kushoto halijaguswa. Kosa ni langu.

Hakushtuka nilivyotarajia. Aligusa bandeji kwa ncha za vidole, kama anavyopima kitambaa.

"Ilikuwaje?"

"Nesi aliniuliza, la kushoto? Nikamjibu ndiyo, umepatia. Yeye akasikia la kulia."

"Ulisema neno gani?"

"Raiti."

"Ile yenye maana tano."

"Ndiyo, shangazi."

 Mtu wa usafi alikuwa anakusanya viti, anavipachika kimoja juu ya kingine, na kila kimoja kilinipigia kelele kichwani.

"Kwani wao ndiyo yao inaitwaje?"

"Yesi."

"Na hiyo ina maana ngapi?"

"Moja," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama ninavyomjua akitikisa kitambaa kikiwa kimeshakatwa vibaya na hakuna la kufanya. Nikaanza kulia mimi, kwa sauti, bila aibu. Nikamwambia na lile la pili, kwamba nilijua mapema nikanyamaza, na kwamba ningesema saa ile ile angekuwa ameshafanyiwa. Nilitaka anipige. Mkono wake ulikuwa magotini na haukuinuka.

"Mimi nilijua kabla yako," akasema.

"Ulijua nini?"

"Ile kalamu. Ina ubaridi. Nilihisi ananichora huku." Akagusa juu ya nyusi ya kulia. "Nikainua mkono nimwambie, dada, siyo huku. Halafu nikakumbuka sauti yako niliyoisikia hapo nyuma yangu. Nikajiambia, aa, mwache. Kamusi wangu yupo hapa, anajua wanachosema, mimi nitaingiliaje? Nikashusha mkono."

Nilikaa pale nikikumbuka ule mkono ukiinuka na ukishuka. Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi wakati ule. Nilikuwa nasahihisha zedi.

 Kivuli cha jengo kikafika miguuni petu. Mwishowe akajiweka sawa kitambaa, akanyoosha mkono hewani akinitafuta, nikaushika. "Haya, ninyanyue," akasema. "Matone yanaanza leo au kesho?"

"Leo jioni."

"Utakuja kunitia wewe. Na kunitungia uzi. Kila siku, usinitumie mtu." Hakusema kwa hasira wala kwa upole, alisema kama anavyompa mwanafunzi wa ushonaji kazi ya siku. "Na ukiwa kwangu hutasema Kiingereza."

"Sitasema."

Tukatembea. Jicho moja lilikuwa chini ya bandeji na la pili kwenye ukungu wake, kwa hiyo alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kupapasa na mguu kabla ya kila hatua. Tulipofika mwisho wa korido, pale njia ya wodi ya wanawake inapogawanyika na ya maabara, akasimama.

"Tunapita wapi hapa?"

"Kulia, shangazi."

"Nimeshaanza," akasema.

Nikamtazama usoni. Bandeji ilikuwa imelowa upande wa chini. Nikamshika vizuri zaidi, tukapinda kona.